Nani Alikuwa wa Pili?

Mjomba wangu alibeba watu kwa baiskeli hapa Eldoret miaka mingi, kabla nduthi hazijaingia. Alikuwa na Black Mamba, kiti cha nyuma kimeshonewa sponji na kitambaa chenye nyuzi za kuning'inia. Ukimpata jioni, chai ikiwa mkononi, atakwambia kwamba sikukuu moja alishindana na hiyo baiskeli, kutoka mjini kuelekea Iten na kurudi, akamaliza wa tatu. Zawadi ilikuwa tairi, tyubu na unga. Mwaka gani? Hapo inategemea anayeuliza ni nani. Kuna jioni ambazo mvua ilinyesha kwenye hizo mbio, na kuna jioni ambazo jua lilikuwa la kupasua mawe. Jambo moja tu halibadiliki: mwaka uliofuata hazikurudi.

Naanza na mjomba kwa sababu mwezi huu nimetazama filamu moja mara tatu, na kila nikifika mwisho namfikiria yeye.

Filamu yenyewe ni A Sunday in Hell, ya Jørgen Leth wa Denmark. Si mpya hata kidogo. Inahusu siku moja ya Aprili 1976, siku ya mbio za Paris–Roubaix kule kaskazini mwa Ufaransa. Leth alipanga kamera zaidi ya 20 njiani, akaongeza helikopta, akasubiri. Inaanza na fundi anayesafisha baiskeli kwa brashi, polepole, bila kusema kitu. Kisha ni asubuhi hotelini, waendeshaji wanakula nyama saa ambayo wewe na mimi bado tunatafuta chai. Miguu inakandwa. Eddy Merckx, aliyekuwa ameshinda mbio hizi mara tatu, anahangaika na kiti cha baiskeli yake kama mtu aliyenunua kiatu kisichomtosha. Halafu wanaondoka, na kutoka hapo ni vumbi, mawe, magari na nyuso.

Mawe ndiyo yenyewe. Usifikirie kabro zile za mbele ya supamaketi. Haya ni mawe ya mashambani, yaliyotandikwa enzi za mikokoteni, mengine yamezama, mengine yamechomoza, katikati pameinuka kama mgongo wa ng'ombe. Kama umewahi kupanda boda kwenye murram ya Langas wiki moja baada ya mvua, tope likishakauka na kuacha makorongo, basi mikono yako inajua ninachosema.

Kilichonishika zaidi ni kile ambacho Leth hafanyi. Hamwulizi mtu yeyote kuhusu utoto wake. Hatupeleki nyumbani kwa mama ya mtu tukaone paa linavuja. Msimulizi anataja majina, anasema nani ameshinda mara ngapi na nani anamwogopa nani, basi. Mshindi siku hiyo ni Marc Demeyer, Mbelgiji ambaye kazi yake ilikuwa kumtumikia nyota wa timu yao, Freddy Maertens. Maertens anaanguka, anatoka. Demeyer anajikuta mbele na Francesco Moser, Roger De Vlaeminck na Hennie Kuiper. Wanaingia uwanjani Roubaix wote wanne, na yule mtumishi anawapiga wakubwa wake. De Vlaeminck alikuwa anatafuta ushindi wa nne. Amekuwa wa tatu. Baadaye tunawaona bafuni, wamejaa vumbi, wanaoga, wanaongea kazi kama watu waliotoka shifti.

Hawa watu hawatambulishwi kwetu kwa huruma. Wanaruhusiwa kuwa waendeshaji wa baiskeli tu. Na nadhani najua kwa nini Leth aliweza: kazi ya kuwatambulisha ilikuwa imefanywa kwa miaka 80 kabla yake.

Paris–Roubaix ilianza 1896. Roubaix ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Wenye viwanda wawili, Théodore Vienne na Maurice Perez, walikuwa wamejenga uwanja wa baiskeli na walihitaji kuujaza watu. Wakaliandikia gazeti la michezo la Paris, Le Vélo: mnaonaje tukianzisha mbio kutoka kwenu hadi kwetu? Husimuliwa kwamba mwandishi aliyetumwa kukagua njia alifika Roubaix amelowa, amejaa tope, ameapa kupiga simu ya maandishi kusema wazo lote ni wazimu. Wakampa chakula na kinywaji, akabadilisha mawazo. Aprili 19, 1896, mbio zikafanyika, akashinda Mjerumani Josef Fischer. Mwaka uliofuata na mwingine tena alishinda Maurice Garin, ambaye ujanani alikuwa akisafisha mabomba ya moshi. Garin huyohuyo ndiye aliyeshinda Tour de France ya kwanza, 1903, mbio ambazo nazo zilibuniwa na gazeti, L'Auto, ili liuze kuliko mpinzani wake.

Ona mtindo. Mbio za Flanders, 1913: nyuma yake kuna gazeti. Milan–San Remo, 1907: gazeti. Mbio kubwa za siku moja hazikuzaliwa barabarani peke yake. Zilizaliwa mezani kwa mhariri mwenye kurasa za kujaza kesho asubuhi, na zilipofika mwaka wa pili huyo mhariri alikuwa na kitu cha kusema: jamaa wa mwaka jana amerudi. Mwaka wa tano akawa na wababe na mahasimu. Mwaka 1919, vita vilipokwisha, waandishi walipita njia ileile kuangalia kilichobaki, wakakuta mashimo ya mabomu na miti iliyoungua. Hapo ndipo neno jehanamu lilipoingia kwenye hadithi ya mbio hizi, na neno hilo lilitoka kwa watu waliotumwa kuandika. Miaka ya 1960 lami ilipoanza kuyafunika yale mawe, watu walitafuta mengine makusudi. Mwendeshaji Jean Stablinski, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe eneo hilo, akaonyesha njia ya msitu wa Arenberg. Iliingia kwenye mbio 1968. Yaani mtu alifanya kazi chini ya barabara ile kabla haijawa maarufu kwa kupitiwa juu.

Sasa linganisha na namna sisi tunavyosimuliwa.

Rising from Ashes ilitoka 2012. Ni filamu kuhusu timu ya Rwanda na kocha wake Mmarekani, Jock Boyer. Ndani yake kuna Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya 1994 na akafika Olimpiki ya London. Niliitazama nikalia, sitadanganya. Lakini nilipomaliza nilijiuliza: Adrien anapenda kupanda mlima au kushuka? Anamwogopa nani kwenye mbio za mwisho za kasi? Ana ujanja gani? Filamu ina haraka ya kutuonyesha kwamba baiskeli imemponya, na katika haraka hiyo inasahau kumwangalia akiendesha. Demeyer hakuulizwa baiskeli imemponya nini.

Hapa nyumbani tuna toleo letu. Mwaka 2008 mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwachukua vijana wawili wa huku, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, akawapeleka Ufaransa wakapande Alpe d'Huez, ule mlima wenye kona 21. Mmoja alikuwa akipiga viatu rangi, mwingine boda wa baiskeli kama mjomba. Nderi alipanda kwa dakika 42 na sekunde kidogo, na habari ikaenea: Wakenya wanaweza! Leong alikuwa na nia njema na hakuishia hapo, maana timu ya Kenyan Riders ilikuja kuwa na makao yake Iten na ikatoa waendeshaji wa kweli. Mimi nina shida na umbo la hadithi yenyewe. Mwanamume anapanda mlima peke yake, na mpinzani wake ni saa. Hiyo si mbio, hiyo ni maabara. Tunajifunza mapafu yake yana nguvu kiasi gani. Hatujifunzi kama ana roho ya kumvizia mwenzake hadi mita 200 za mwisho.

Na David Kinjah? Ameshindana, ameiwakilisha Kenya, amelea vijana wengi kule Kikuyu. Fungua makala yoyote ya nje kumhusu, na kabla sentensi ya pili haijaisha utaambiwa ndiye aliyemfundisha Chris Froome. Ni kweli, na ni heshima. Ila ni heshima ya mtu anayetambulishwa kwa jina la mgeni wake.

Kwa hiyo dai langu ni hili. Kitu ambacho mbio za kila mwaka zinampa mwendeshaji, zaidi ya pesa, ni ruhusa ya kutotambulishwa tena. Mwaka wa kwanza wewe ni maskini aliyeshangaza watu. Mwaka wa pili wewe ni yule wa mwaka jana. Mwaka wa nne watu wanabishana kwa kinyozi kama umeisha. Waendeshaji wetu wamekwama mwaka wa kwanza. Kila baada ya muda mtu anakuja na kamera, anawakuta upya, anashangaa upya.

Biniam Girmay wa Eritrea ndiye ninayemtumia kupima jambo hili. Machi 27, 2022 alishinda Gent–Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji zilizoanza 1934, na dunia nzima ikaandika neno lilelile: wa kwanza. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda moja ya zile mbio kubwa za zamani. Nilifurahi kama wengine. Ila kilichonifurahisha zaidi kilikuja baadaye, baada ya Tour de France ya 2024, aliposhinda hatua tatu na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Siku hizi watu wanamkosoa. Wanasema kasi imepungua, timu haimsaidii, sijui nini. Mnisamehe, lakini nasoma hizo lawama nikitabasamu. Huyo sasa ni mwendeshaji.

Nimemsifu Leth, haki inataka nimkosoe pia. Mapema kwenye filamu kuna wafanyakazi wa uchapishaji wanaofunga barabara. Walikuwa kwenye mgogoro mrefu na gazeti lao, Le Parisien libéré, la kundi lilelile la magazeti lililoandaa mbio. Msafara mzima unasimama. Kwa dakika chache tunaona kiungo chote cha hii biashara: wanaochapa gazeti wamezuia mbio zilizozaliwa ili kuuza gazeti. Halafu njia inafunguliwa, na Leth anakimbilia mawe yake bila kuangalia nyuma. Ningependa abaki pale angalau dakika tano zaidi. Pia ana kwaya inayoimba juu ya vumbi kama tuko misa ya Pasaka. Mara ya kwanza nilisisimka, mara ya tatu nilitamani wanyamaze nisikie cheni. Na wanawake wamo kama watazamaji tu. Hilo si kosa lake peke yake, kwani Paris–Roubaix ya wanawake haikufanyika hadi 2021, miaka 125 baada ya ile ya kwanza, na Lizzie Deignan wa Uingereza ndiye aliyeshinda.

Lakini hata kosa la kwaya lina jambo la kufundisha. Marc Demeyer alifariki 1982, akiwa na miaka 31. Ninamjua. Mimi, mtu wa Sisibo ambaye sijawahi kufika Ubelgiji, namjua Demeyer kwa mabega yake, namna anavyoyumba anapokanyaga kwa nguvu. Namjua kwa sababu kulikuwa na siku kwenye kalenda, na kwenye siku hiyo kulikuwa na watu waliokuja kumtazama akifanya kazi yake.

Suleiman Kangangi alifariki Agosti 27, 2022, akiwa na miaka 33. Alianguka kwenye Vermont Overland, mbio za siku moja za barabara za changarawe kule Marekani. Alikuwa nahodha wa Team Amani. Mwaka 2017 alimaliza wa tatu kwenye Tour du Rwanda. Alizijua barabara zetu, ameziendesha akiwa na Kenyan Riders: ile ya Eldoret kwenda Iten, kilomita 30 na kitu za kupanda pole pole, halafu ukingoni Bonde la Kerio linafunguka, na ukiteremka upande wa Tambach unashuka zaidi ya mita 1,000, breki zinanuka. Habari za kifo chake zilipofika, watu wengi hapa mjini walikuwa wanalisoma jina lake mara ya kwanza. Nami sikuwa mbali sana na hao. Nilijua sura, nilijua amewahi kukimbia Ulaya, lakini kama ungeniuliza mbio zake tatu nzuri ningeanza kukohoa. Niliona aibu wiki hiyo, na aibu hiyo ndiyo imeniandikisha makala hii.

Sisemi angekuwa hai kama tungekuwa na mbio hapa. Kuanguka ni kuanguka, hata kwenu. Ninachosema ni kwamba tulimzika mtu ambaye hatukuwahi kubishana juu yake kwa kinyozi.

Na usiniambie hatuna mazingira. Roubaix ulikuwa mji wa nguo, nasi tuna Rivatex iliyoanza miaka ya 1970, ikafa, ikafufuliwa mikononi mwa Chuo Kikuu cha Moi. Tuna Ken-Knit. Kama wenye viwanda wa Roubaix walijenga uwanja, wetu wanaweza kushona jezi. Mlima tunao, bonde tunalo, mawe ukitaka tutakutafutia. Tumekuwa jiji rasmi tangu Agosti 2024. Watu wa kushangilia barabarani? Huu mji unajua kutazama mbio kuliko miji mingi duniani. Mtu wa hapa anaweza kukaa kwenye runinga akakueleza mzunguko gani wa mita 10,000 mkimbiaji fulani atachomoka, na asikosee. Macho hayo hayajapewa baiskeli ya kutazama mwaka baada ya mwaka, na wala hayajapata mtu wa kuandika kesho yake asubuhi. Hapa nasema na mimi na wewe tunaosoma na kuandika magazeti kama hili. Tumeandika mashairi ya boda boda hadi yametosha. Ripoti ya mbio moja, yenye majina kumi ya kwanza na hali ya barabara, ni nani ameandika?

Septemba 28, 2025 nilikwenda kwa mjomba tukatazama mashindano ya dunia kutoka Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio hizi nazo ni za siku moja, za kila mwaka, na wanaume wa kulipwa wamezikimbia tangu 1927. Tulitazamia kwenye simu yangu, bando langu, tukaiegemeza kwenye kikopo cha sukari. Kilomita 267 na nusu, milima haiishi. Msafara ulipoingia kwenye mawe ya Kimihurura mjomba alisogea mbele.

"Hiyo mawe itavunja mtu spoku," akasema.

Tadej Pogačar alichomoka kukiwa bado na zaidi ya kilomita 100. Mimi nikaanza kumweleza mjomba kuhusu Pogačar, ameshinda nini na nini, akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa anaangalia walio nyuma. Walimaliza 30 tu. Pogačar alipovuka mstari mjomba hakusema kitu, akangoja.

"Nani alikuwa wa pili?"

"Evenepoel, wa Ubelgiji."

"Wa tatu?"

"Healy. Wa Ireland."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika. Ndipo nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza miaka yote hiyo. Nilikuwa nimeuliza mwaka, mvua, zawadi. Sikuwahi kuuliza wengine walikuwa akina nani.

"Mjomba, zile mbio zenu. Aliyeshinda alikuwa nani?"

Alitaja jina bila kusita, na steji aliyokuwa akifanyia kazi. Wa pili, jina na steji, na kwamba alikuwa anaendesha baiskeli ya kuazima. Wa tatu, jina. Nilimtazama, maana wa tatu alipaswa kuwa yeye. Akaendelea. Wa nne alipata panchari karibu na mjini akamaliza kwa ringi. Wa tano na wa sita walikuwa mtu na kaka yake. Nilichukua kalamu nikaandika yote nyuma ya risiti. Siyaweki hapa kwa sababu baadhi yao bado wako hapa mjini na sijawauliza, lakini nimeanza kuwatafuta.

"Na wa saba?" nikauliza.

Mjomba akanywa chai yake kwanza.

"Wa saba ni mimi," akasema. "Lakini hiyo cheni ilikuwa inaruka, andika hiyo pia."